Laptopu ya gemu inachemka: maswali tunayoulizwa kila siku mezani

Anayeleta laptopu ya gemu kwa fundi hapa Mwanza mara nyingi huanza na namba: "Inafika tisini na tano." Namba ni mwanzo mzuri, ila haitoshi. Laptopu mbili zinaweza kuonyesha joto lile lile, moja ikiwa nzima kabisa na nyingine imezibwa na uchafu mpaka basi. Ndiyo maana karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo moja: usisome joto bila kusoma kasi na wati. Na kabla hujatoa hela kununua kifaa chochote, maliza kwanza yale ya bure.

Prosesa yangu inafika nyuzi 90 nikicheza. Itaungua?

Haitaungua. Kila prosesa imewekewa kikomo kiwandani. Kwa Intel nyingi za laptopu za gemu kikomo ni nyuzi 100 za sentigredi. Kwa AMD Ryzen inategemea toleo, kati ya 95 na 105. Ikikaribia hapo inajibana yenyewe: inashusha kasi na kupunguza umeme inaokula mpaka joto litulie. Hilo likishindikana, mashine inajizima. Kwa hiyo prosesa yenyewe ni nadra kufa kwa joto. Wanaoumia ni majirani zake, yaani betri inayolala sentimita chache kutoka hapo, beringi za feni, na pesti iliyo juu ya chipu, yaani ule uji mzito unaopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye chuma cha kupoozea.

Kama kipimo cha haraka: ukivinjari tu intaneti, 45 hadi 60 ni sawa. Kwenye gemu, prosesa ikicheza kati ya 75 na 92 hakuna shida. Kupanda ghafla hadi 95 kwa sekunde mbili wakati gemu inafunguka si habari. Habari ni pale inapofika huko na kuganda, huku picha zikianza kukatakata. Kadi ya picha ina kipimo chake. Nvidia nyingi za laptopu huanza kujibana karibu na 87, kwa hiyo 75 au 80 ni kazi ya kawaida.

Nitapimaje? Mimi huwa nashika kwa mkono.

Mkono unapima mfuniko, haupimi chipu. Sehemu ya juu ya kibodi inaweza kuwa nyuzi 45, ukaona moto usiovumilika, kumbe ndani prosesa iko 78 na haina neno.

Task Manager ya Windows huonyesha joto la kadi ya picha peke yake, la prosesa haionyeshi. Pakua HWiNFO, programu ya bure ya kusoma vihisio vya mashine. Ifungue upande wa vihisio, iache ikae nyuma, kisha cheza gemu kwa dakika 20 hivi kabla ya kurudi kusoma. Dakika tano hazitoshi, maana shaba na mfuniko bado vinaendelea kupata moto. Ukirudi, tazama mistari minne: joto la prosesa, kasi kwa gigahezi, wati inazokula, na ule unaosema kama prosesa imejibana kwa sababu ya joto, ndiyo au hapana.

Sasa chukua mfano wa laptopu mbili zenye Core i7-10750H, prosesa iliyojaa sana sokoni kwetu. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.6, na kiini kimoja kinaweza kufika 5.0. Ya kwanza inasoma nyuzi 93, gigahezi 3.8, wati 55. Ya pili inasoma nyuzi 93, gigahezi 2.3, wati 22. Joto ni moja. Ya kwanza inafanya kazi kubwa na kuitoa nje, mwachie mwenyewe aendelee kucheza. Ya pili imeshuka chini ya kasi yake ya msingi na bado inachemka kwa wati 22 tu, maana yake moto hautoki. Hiyo ndiyo ya kufunguliwa.

Kuna na ya tatu, inayowachanganya wengi: nyuzi 65, kasi imeshuka, gemu inakwama. Hapo joto halihusiki kabisa. Angalia chaja. Laptopu iliyokuja na chaja ya wati 230, chaja ikafa, mtu akanunua ya wati 120 kwa sababu pini inaingia, itajibana kila siku na utasafisha feni bure.

Ilikuwa poa mwaka wa kwanza. Imebadilika nini?

Vitu viwili: uchafu na pesti.

Uchafu wa Mwanza una namna yake. Kuna vumbi la barabara za mitaani, Buswelu, Igoma, Mahina, lile jekundu laini linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Halafu kuna wadudu wa ziwani. Anayekaa Kirumba, Igogo, Luchelele au visiwani Ukerewe anawajua: mawingu yanayosimama juu ya maji kama moshi, kisha upepo unayasukuma nchi kavu, hasa karibu na mwezi mwandamo. Wadudu hao hufuata mwanga. Saa mbili usiku, dirisha wazi, taa imewaka, kioo cha laptopu kinang'aa na feni mbili zinavuta hewa kwa chini; unafikiri wanaenda wapi?

Ukifungua mashine ya mtu wa ufukweni utaona wenyewe. Vumbi la kawaida ni kavu, ukilipuliza linatoka. La huku limechanganyika na mabawa na miili ya wadudu, limeshikana, na linakaa mahali pabaya kuliko pote: pale feni inapoishia na mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoozea, chenye vibati vyembamba vinavyopitisha hewa) yanapoanza. Feni inazunguka vizuri, sauti unaisikia, lakini hewa inagonga ukuta. Mteja anasema "feni zinafanya kazi, nasikia zinalia". Kweli zinalia, ila hewa haitoki. Weka kiganja kwenye tundu la pembeni wakati gemu inakimbia. Ikiwa feni inapiga kelele na upepo unaotoka ni kidogo, au upande mmoja unatoa na mwingine hautoi, jibu umelipata bila programu yoyote.

Pesti nayo huchoka. Kila mara chipu inapopata moto na kupoa, inatanuka na kusinyaa, na pesti nyepesi inasukumwa pembeni kidogo kidogo mpaka katikati ya chipu panabaki pakavu. Dalili yake ni joto kuruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde moja tu ya kufungua gemu. Uchafu haufanyi hivyo. Uchafu hupandisha joto polepole, dakika baada ya dakika.

Naweza kusafisha mwenyewe nyumbani?

Unaweza kama una bisibisi sahihi na subira. Kama huna kimojawapo, lete.

Zima mashine kabisa, si kuilaza. Chomoa chaja. Fungua skrubu za mfuniko wa chini na uzipange juu ya karatasi kwa mpangilio ulivyozitoa, kwa sababu mara nyingi za mbele ni fupi na za nyuma ni ndefu. Ndefu ukiiingiza mahali pa fupi inaweza kutoboa hadi upande wa kibodi. Mfuniko uachanishe kwa kadi ya plastiki, usitumie kisu. Kabla ya kugusa kitu kingine chomoa waya wa betri kwenye bodi. Hatua hii ndiyo watu wengi wanairuka, na ndiyo inayoua bodi.

Feni ishike kwa kidole au kijiti cha meno ili isizunguke, ndipo upige bloa. Ukiiachia izunguke kwa upepo wa bloa inakimbia kuliko ilivyoundwa, beringi zinaharibika, na baada ya wiki mbili inaanza kukwaruza. Blanketi la uchafu lililo kati ya feni na mapezi usijaribu kulitoa kwa kupuliza kutokea nje, utalirudisha ndani ya feni. Fungua kifuniko cha feni, mara nyingi ni skrubu tatu au nne ndogo, ulitoe kwa brashi laini au kibanio. Likiwa zima linatoka kipande kimoja.

Wale wa compressor za gereji: upepo wake una maji na mafuta, na nguvu yake inang'oa vitu. Hapana.

Mara ngapi? Kwa anayeishi karibu na maji au kwenye barabara ya vumbi, kila miezi minne hadi sita. Capri Point ghorofani na madirisha yana wavu, hata mwaka.

Pesti gani nitumie? Rafiki yangu aliweka dawa ya meno ikapoa.

Ilipoa siku hiyo. Dawa ya meno ina maji; maji yakikauka inabaki chaki, na chaki inazuia joto. Grisi ya gari nayo iacheni kwenye magari.

Pesti za kawaida zinazojulikana kama Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 zinafanya kazi vizuri, ila kwenye chipu ya laptopu iliyo wazi na inayopata moto sana huwa zinasukumwa pembeni mapema. Kwa laptopu ya gemu mimi napendelea karatasi ya Honeywell PTM7950. Inakuja ngumu, inalainika ikifika karibu nyuzi 45, inajaza nafasi, na haikimbii kirahisi. Ubaya wake ni bandia nyingi. Na ukiiweka usitishike siku ya kwanza ikisoma joto la juu. Inahitaji kupata moto na kupoa mara kadhaa ndipo ikae sawa.

Metali ya maji, ile inayowekwa mahali pa pesti, sishauri kwa mtu wa nyumbani. Ndani yake kuna galiamu, inayokula aluminiamu, na tone moja likianguka kwenye bodi linaunganisha umeme mahali pasipotakiwa. Kama laptopu yako ilitoka nayo kiwandani, mwambie fundi kabla hajafungua.

Kusafisha pesti ya zamani tumia alkoholi ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji mengi na wakati mwingine mafuta. Unaporudisha hitisinki, mara nyingi skrubu zake zimeandikwa namba. Fuata namba hizo na kaza kila moja kidogo kidogo kwa mzunguko, usimalize moja kabla ya nyingine. Vile vipande laini vilivyo juu ya memori ya kadi ya picha visibadilishwe ovyo. Unene wake ni wa nusu milimita hadi milimita mbili, na ukiweka kinene kuliko cha mwanzo hitisinki haitagusa chipu vizuri, hata kama pesti ni ya bei mbaya.

Kuna ujanja wa asilimia 99. Ni kweli?

Ni kweli, na ndio ushauri wa bure unaofanya kazi haraka kuliko wote. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ndani ya mipangilio ya kina, kuna mstari ulioandikwa "Maximum processor state". Ukiutoa 100 ukaweka 99, kwenye mashine nyingi turbo, yaani ile kasi ya ziada juu ya kasi ya msingi, inazimika. Ile i7-10750H ya juu itabaki gigahezi 2.6, na joto linaweza kushuka nyuzi 15 au 20 papo hapo.

Unalipa nini? Inategemea gemu. Gemu ya mpira au ya magari kwenye skrini ya Hezi 60 (inayoonyesha picha 60 kwa sekunde) huenda usione tofauti, kwa sababu kazi kubwa iko kwenye kadi ya picha. Gemu yenye mji mkubwa na watu wengi, GTA V kwa mfano, utaona picha zinapungua. Jaribu kwenye gemu yako, ni setingi ya kurudisha kwa sekunde kumi.

Mimi naiona kama dawa ya kutuliza. Mtu mwenye mtihani wiki hii au mashindano Jumamosi, aweke 99 aendelee. Ila akiiweka na kusahau, huku mapezi yamezibwa, ameficha tatizo tu.

Kwa nini basi wanaitengeneza ichemke hivyo?

Kwa sababu kasi inauza. Chukua Core i7-12700H: wati zake za msingi ni 45, lakini Intel inairuhusu ifike wati 115 kwenye turbo. Ongeza kadi ya picha ya wati 100 na zaidi, vyote ndani ya kasha lenye unene wa sentimita mbili na nusu. Mtengenezaji anajua haitakaa hapo muda mrefu. Anachotaka ni ikimbie ilivyoweza mpaka kikomo kiiguse. Kwa hiyo mashine kugusa kikomo mara kwa mara haimaanishi imeharibika.

Kupunguza volti ni nini, na ni salama?

Ni kuiambia prosesa ifanye kasi ile ile kwa volti ndogo kidogo. Joto linalozalishwa hufuata mraba wa volti, ndiyo maana punguzo dogo lina faida kubwa: ukitoka volti 1.20 kwenda 1.10 kwa kasi ile ile, umeme unaogeuka kuwa moto unapungua kwa takriban asilimia 16. Kasi haijapotea hata kidogo.

Kwa Intel programu inayojulikana ni ThrottleStop. Anza na milivolti 50 chini ya kawaida, cheza saa nzima, kisha shuka kumi kumi. Ikizidi, mashine itaganda au kuleta skrini ya bluu. Iwashe upya, rudi hatua mbili juu. Isiruhusu programu ijiwashe na Windows kabla hujaridhika, vinginevyo itaganda kila ukiwasha. Kupunguza volti hakuunguzi chipu. Kinachoweza kukupata ni kupoteza kazi ambayo hukuihifadhi. Kuongeza volti ndiko kunakoharibu, na huko hatuendi.

Lakini huenda ukakuta vitufe havifanyi kitu. Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu wa usalama uliopewa jina Plundervolt, uliotumia mlango huo huo wa volti kwenye prosesa za Intel, na watengenezaji wakaufunga kwa masasisho ya bayosi (programu ya msingi iliyo kwenye bodi, inayoiwasha mashine). Laptopu nyingi za baada ya hapo zimefungwa. Usihangaike kurudisha bayosi ya zamani kwa ajili ya nyuzi tano. Bayosi ikikatika katikati, na umeme wetu unavyojua kuondoka, unabaki na kopo.

Iliyofungwa bado ina njia nyingine: punguza kikomo cha wati. Mashine ikila wati 45 badala ya 70 kwenye gemu, tofauti ya picha huwa ndogo na tofauti ya joto huwa kubwa. Nyingi zina kitufe au programu ya mtengenezaji yenye hali ya utulivu, ya kati na ya kasi. Ya kati mara nyingi inatosha.

Nifunge idadi ya picha kwa sekunde?

Ndiyo, leo. Skrini ya Hezi 60 haiwezi kukuonyesha picha 140 kwa sekunde. Hizo 80 za ziada unazalisha moto tu. Funga kwa 60 ndani ya gemu au kwenye paneli ya Nvidia. Mwenye skrini ya Hezi 144 ajaribu 90. Angalia pia menyu za gemu: nyingine huikimbiza kadi ya picha kwenye menyu kuliko kwenye mchezo wenyewe, kwa sababu hakuna kinachoizuia.

Ile stendi yenye feni na taa za rangi inasaidia?

Kidogo. Faida kubwa ya stendi ni kuinua, na kuinua unaweza kwa vizibo viwili vya chupa za maji, kimoja kila pembe ya nyuma. Laptopu nyingi za gemu zinavuta hewa kwa chini. Ikikaa bapa mezani nafasi ni ya milimita chache. Jaribu vizibo, pima na HWiNFO, ndipo uamue kama unataka taa za rangi. Stendi zinazobana kabisa upande wa chini kwa sponji na kusukuma hewa kwa nguvu zinashusha joto kweli, lakini zina kelele, na bila chujio zinaingiza wadudu kwa kasi zaidi.

Kitandani, juu ya kanga au godoro, hakuna stendi itakayokuokoa. Tafuta ubao, au sinia kubwa lililogeuzwa.

Nimetoka Dar nayo. Mwanza itapoa zaidi?

Itapoa kiasi. Kanuni ya haraka ni kwamba kila nyuzi moja ya joto la chumba inaongeza karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Chumba cha Dar mwezi Januari nyuzi 32, cha Mwanza 27: umeshapata nyuzi tano bila kufanya kitu. Upande mwingine, sisi tuko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na pwani, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Faida ya ubaridi bado inashinda.

Ila isije ikawa unakaa chumba cha bati bila dari huko Mabatini au Igogo, nyumba imekaa juu ya mawe. Saa tisa alasiri bati linachoma, na jioni mawe yenyewe bado yanatoa joto yaliyokunywa mchana. Watengenezaji wengi wanaandika kwamba mashine itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Chumba kama hicho kinapita hapo. Cheza alfajiri au baada ya saa nne usiku, na feni ya mezani ielekeze upande hewa inakoingia, si upande inakotoka.

Friji, barafu na taulo lililoloweshwa hapana. Unyevu wa ziwa upo tayari; ukiongeza ubaridi wa ghafla, maji yanajikusanya juu ya bodi.

Umeme ukikatika nikaendelea kucheza na betri?

Utacheza polepole, na hilo si kosa. Betri ya Wh (wati-saa) 60 haiwezi kutoa wati 200, kwa hiyo mashine inabana kadi ya picha yenyewe. Jenereta ndogo zinazopandisha na kushusha umeme zinachosha chaja, hata kama chaja imeandikwa volti 100 hadi 240. Ukiisikia chaja inavuma, ichomoe. Inayokaa mezani kwenye chaja siku zote, iwekee kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 kama programu yake inaruhusu. Betri iliyojaa na yenye moto ndiyo inayozeeka haraka.

Mwanangu, kijana wangu anakesha na hicho kikompyuta, chini kinawaka moto. Hakiwezi kutulipukia ndani?

Shikamoo mama. Joto la prosesa halilipui kitu, itajizima kabla. Cha kuangalia ni betri. Mwambie aiweke laptopu juu ya meza iliyonyooka, ajaribu kuitikisa pembe kwa pembe. Kama inayumba na zamani haikuyumba, au padi ya kugusa iliyo chini ya kibodi imepanda juu, au mfuniko umeachia nyufa pembeni, betri imevimba. Izimwe, isichajiwe tena, isitobolewe, iletwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Na usiku asiiache inachaji juu ya godoro. Kukesha kwenyewe, mama, hilo sina bisibisi yake.

Nilifunga kioo nikaiweka kwenye begi, nimefika Sengerema iko moto. Kwa nini?

Haikulala. Windows za siku hizi zikifungwa kioo hubaki nusu macho, zikishika mtandao na kupakua masasisho. Ndani ya begi, kwenye kivuko cha Kamanga juani, hewa haina pa kupita. Ukisafiri izime kabisa, au ibadilishe setingi ya kufunga kioo iwe ya kuhifadhi kazi na kuzima (Hibernate).

Nanunua iliyotumika. Nitaipimaje dukani?

Usikubali kuonyeshwa Windows inafunguka tu. Omba meza na chaja yake halisi, soma wati zilizoandikwa kwenye chaja. Endesha Cinebench R23, programu ya kuipima prosesa kwa kazi nzito; jaribio lake la kawaida hurudia kwa dakika kumi, huku HWiNFO imefunguliwa. Tazama kasi mwishoni, si mwanzoni. Ikishuka chini ya kasi ya msingi huku joto liko kwenye kikomo, punguza bei kwa gharama ya kusafisha na pesti, au ondoka. Sikiliza feni zote mbili. Angalia skrubu za chini: zikiwa zimeliwa vichwa, imefunguliwa na mtu asiyekuwa na bisibisi sahihi, na hujui alifanya nini ndani. Muuzaji anayesema "kaka, haina haja ya kupima, ni ya ofisini Ulaya" amekujibu tayari.

Fundi mmoja anataka kutoboa matundu mfuniko wa chini hewa iingie.

Mara nyingi itachemka zaidi. Mfuniko huo umepangiwa njia: hewa iingie kwenye feni, na njiani ipite juu ya memori na saketi za umeme. Ukitoboa ovyo, feni inavuta kutoka kwenye tundu lililo karibu na zile sehemu nyingine zinabaki bila upepo. Kuna mashine chache ambazo mtengenezaji alibana matundu mno, na hizo hupimwa kwanza kwa kuendesha gemu dakika 20 mfuniko ukiwa umetolewa kabisa, laptopu imeinuliwa. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi tano, mwambie aweke drili chini. Ikiwa zaidi, nunua mfuniko wa pili uliotumika, atoboe huo, na uweke wavu wa dirisha kwa ndani kabla ya wadudu hawajakuja.